Ufundi wa Kutafuta Ishara Iliyopotea

Spektromita ya masi hupima molekuli kwa kuzitia chaji ya umeme, kuzichuja kwa uzito, kisha kuzihesabu zinapofika mwisho wa safari. Isiyofika haihesabiwi. Ndiyo maana ishara inapofifia mashine hailii wala haizimiki. Inatoa namba ndogo tu, na namba ndogo katika maabara inayopima sumukuvu (aflatoksini, sumu ya kuvu wa nafaka) ni habari njema kwa mwenye ghala, kwa mwenye kinu na kwa mlaji. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, yaliacha watu 317 wakiugua, na 125 kati yao wakafa. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 5 za sumukuvu B1 katika kilo moja ya mahindi. Mashine iliyopoteza nusu ya nguvu zake, ikisomwa kwa mstari wa vipimo vya wiki iliyopita, itaona 8 na kuandika 4. Fundi anayelijua hilo haamini ukimya wa mashine hata siku moja.

Njia yenyewe ni ndefu. Dondoo la mahindi husukumwa kwanza na pampu kupitia kolamu, ambako vitu hutengana, kisha hutokea kwenye sindano nyembamba yenye volti elfu kadhaa. Hapo kimiminika hupulizwa na nitrojeni kikawa ukungu, matone yakakauka, zikabaki ioni. Mbinu hii ya kupuliza ndiyo iliyompa John Fenn wa Marekani sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002. Ioni huingia kwa tundu dogo kwenye ombwe na kupita katikati ya fito nne za chuma, kichujio alichokibuni Wolfgang Paul wa Ujerumani. Sumukuvu B1 iliyobeba protoni husomeka 313 kwenye kipimo cha uzito. Ikigongwa na gesi huvunjika, na vipande vya 285 na 241 ndivyo vinavyohesabiwa. Ishara inaweza kupotea popote katika njia hiyo.

Mtu mwenye papara hushika spana. Fundi hushika daftari. Je, ishara ilianguka ghafla au ilishuka polepole kwa wiki nyingi? Kinachoshuka polepole aghalabu ni uchafu. Kinachoanguka kwa siku moja ni kuvuja, kuziba, chupa iliyokwisha au mtu aliyebadilisha kitu bila kuandika. Vilele vyote vimepungua au kimoja tu? Shinikizo la pampu limebadilika? Na kelele ya chini ya mchoro imepungua pamoja na ishara, au imepanda? Maswali haya hayagharimu hata senti, na yanamaliza nusu ya kazi, mradi daftari lina rekodi za siku mashine ilipokuwa na afya. Maabara isiyo na rekodi hizo haina cha kulinganisha.

Baada ya hapo njia hugawanywa katikati, kama fundi bomba afungavyo koki ya kati ili ajue mvujo uko upande gani. Kolamu huwekwa kando, na myeyusho wa sumukuvu ya kiwango kinachojulikana husukumwa moja kwa moja hadi kwenye sindano ya kupulizia. Ishara ikirudi, mashine haina kosa. Tatizo liko nyuma yake. Isiporudi, kolamu na pampu huachwa kwa muda.

Yaliyo nyuma ya mashine ndiyo mengi, na ndiyo yanayodharauliwa. Sumukuvu iliyo kwenye maji hunata kwenye kioo, ikabaki ukutani mwa kichupa wakati mashine inafyonza maji matupu. Mwanga nao huiharibu, ndiyo sababu ya vichupa vya rangi ya kahawia. Chupa ya kioo iliyokaa na kiyeyushi huachia sodiamu. Sumukuvu ikiishika, ioni huhama kutoka 313 kwenda 335. Mashine inayoangalia 313 peke yake itaona upungufu, ingawa hakuna kilichopotea: kimehamia chumba cha jirani. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, fundi hutengeneza standadi mpya, yaani myeyusho ule wa kiwango kinachojulikana, na viyeyushi vipya. Tiba hii ni rahisi mno kiasi kwamba wengi huona haya kuanza nayo.

Halafu macho. Mashine nyingi zina dirisha dogo kwenye chumba cha kupulizia, na tochi ikimulikwa kwa ubavu huonyesha mengi kuliko skrini. Ukungu wenye afya hutoka sawasawa, mwembamba, bila kukatika. Ukipinda upande mmoja, ncha ya sindano imeziba au imepinda. Ukitema matone makubwa kwa vipindi, kuna hewa kwenye mrija au nitrojeni haitoshi. Chembe nyeupe za chumvi kwenye ncha humwambia fundi kwamba mtu alitumia bafa ya fosfeti, ambayo haigeuki mvuke na haifai kabisa kwa mashine hii.

Mahindi yenyewe huleta hila nyingine. Mafuta na sukari vinavyotoka kwenye kolamu sambamba na sumukuvu hugombania chaji, na sumukuvu hushindwa. Hila hii hufichuliwa kwa kudondoshea sumukuvu mfululizo baada ya kolamu huku dondoo la mahindi safi likipitishwa: mstari ulionyooka hubonyea pale panapominywa. Kinga yake ni kuongeza sumukuvu iliyotengenezwa kwa kaboni nzito, inayosomeka 330, ili zote mbili zidhoofike pamoja na uwiano ubaki. Kinga hiyo nzuri ina upofu wake. Uwiano unaweza kuonekana timamu hali ishara zote mbili zinakufa, kwa hiyo ukubwa halisi wa kilele lazima utazamwe kila siku.

Uchafu ukithibitika, koni iliyo mbele ya ombwe na tundu lake la kuingilia huoshwa kwa maji, methanoli na asidi kidogo ya fomiki, kwa glavu mpya, kwani mafuta ya kidole kimoja huonekana kwenye mchoro kwa siku kadhaa. Sehemu za ndani ya ombwe hufunguliwa mwisho. Kuzifungua ni kuingiza hewa, na pampu za ombwe huhitaji usiku mzima kurudisha hali. Penye umeme wa kukatika, hasara hiyo huja bila kuombwa, na betri nzuri ya akiba huokoa fedha nyingi kuliko vipuri.

Cha mwisho ni kikuza elektroni, kifaa kinachohesabu ioni mwisho wa safari, ambacho huchakaa kwa matumizi. Kukiongezea volti hurudisha ishara kwa dakika moja, na hapo ndipo mafundi wazuri hutofautiana na wengine: volti iliyopandishwa juu ya koni chafu huficha uchafu na kufupisha maisha ya kifaa ghali. Fundi huosha kwanza, hupima, kisha ndipo hugusa volti, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati na kukiandika.

Ishara ikisharudi, kazi haijaisha. Sampuli zote zilizopimwa kati ya standadi nzuri ya mwisho na standadi mbaya ya kwanza hurudiwa, hata zile ambazo vyeti vyake vimeshatoka.