Mtu wa Maikrofoni

Siku stima zilipopotea katikati ya Commando, hakuna aliyetoka. Tulikuwa tumebanana kwenye mabenchi ndani ya kibanda cha mabati kule Kawangware, upande wa Congo, watoto wengi na watu wazima wachache, na shilingi tano za kiingilio zilikuwa zimelipwa na hazirudishwi. Arnold Schwarzenegger ndiyo kwanza alikuwa ametua kwenye kisiwa walikomficha bintiye. Alikuwa amejipaka rangi usoni, mabomu yananing'inia kifuani, bunduki hii begani na ile mkononi. Televisheni ikafa. Deki ikazima. Maikrofoni nayo, kwa kuwa ilikunywa stima ile ile, ikanyamaza. Tukasikia mbwa akibweka nje. Halafu kutoka pembe ya deki ikaja sauti ya mwenye maikrofoni, kavu, bila spika: "Basi wakamwona."

Akaendelea. Alitumalizia filamu nzima kwa mdomo, gizani. Risasi alizipiga kwa ulimi, mabomu kwa kiganja juu ya meza, na kila adui aliyeanguka alitajwa pamoja na dhambi yake: huyu ndiye aliyemfunga mtoto kamba, huyu ndiye aliyekuwa akimcheka. Mwishoni Bennett, yule mwenzake wa zamani aliyegeuka msaliti, alipigwa hadi akamlilia mamake, na steringi akamchukua binti akampeleka ushago kwa shosho, wakanywa chai. Tukapiga makofi. Hakuna aliyedai pesa zake.

Miaka mingi baadaye niliitazama Commando nyumbani, kwa sauti yake yenyewe ya mwaka 1985. Nilisubiri chai. Bennett alichomwa kwa bomba la chuma linalotoa mvuke, jenerali akaja na wanajeshi wake kumwomba Matrix, yaani Arnold, arudi kazini, Matrix akakataa, ndege ikapaa, ikawa ndiyo basi. Hakuna shosho. Niliona filamu imekatwa ulimi.

Tunapokutana wapenzi wa filamu, swali halikosi: zako za maisha ni zipi? Kuna wenye majibu ya kupendeza, ya Ufaransa na Urusi, filamu za saa tatu ambazo hakuna mtu anayekimbia. Zangu ni chache, na siku moja nilipokuwa nikizihesabu ndani ya matatu namba 46, kati ya Hurlingham na Yaya, niligundua kwamba karibu kila moja ina mtu wa maikrofoni ndani yake au kando yake. Nikaona si haki kuzisifu kabla ya kumsifu yeye.

Mtaani tulimwita dijei wa muvi. Kwa asiyewahi kumwona kazini: anachukua filamu ya Kichina, ya Kihindi au ya Marekani, mkono mmoja unapunguza sauti yake, mwingine unapandisha ya maikrofoni, naye anatueleza wanasema nini, wanawaza nini, na mara nyingi nini kinakuja. Wengi hudhani hiyo ni tafsiri. Dijei wetu hakujua Kikantoni hata neno moja, na Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la nane kama chetu. Alichojua ni kusoma uso. Mtu akifunga mlango polepole, alituambia huyu ana deni. Mwanamke akitazama dirishani, alitupa jina la aliyemwacha. Tajiri mbaya wa kila filamu, awe wa Hong Kong au wa Bombay, alikaa Lavington, mtaa tuliopakana nao, na sisi watoto tulikuwa tumeshaamua ni lango gani.

Kilichonishangaza zaidi, nikikumbuka sasa, ni namna alivyojua kunyamaza. Katika Drunken Master ya Jackie Chan, pale kijana anapoteswa na mwalimu mlevi kwa mazoezi yasiyokwisha, alisema kama mtu aliyelipwa kwa neno. Lakini pambano la mwisho lilipoanza, aliweka maikrofoni chini. Tulisikia miguu na ngumi zenyewe. Alirudi tu pale Jackie Chan alipoanguka, kwa neno moja la chini, "Ngoja." Watu wazima waliokuwa wameanza kuinuka wakaketi tena. Nimesoma kiasi kuhusu uhariri wa filamu, na sijapata maelezo ya subira yanayolipita neno lile.

Aliyeutoa ufundi huu vibandani na kuufikisha kila kinyozi na kila basi la usiku ni DJ Afro. Sauti yake imepita kwenye kanda, ikapita kwenye diski, ikaingia kwenye flashi na simu, na kuna Wakenya wa rika langu ambao hawawezi kumkumbuka Jet Li bila kumsikia yeye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wengi waliomfuata wameongeza maji kweli: wanapiga kelele pale panapotaka mnong'ono, wanaeleza kile ambacho macho yameshakiona, na mwanamke kwenye skrini hana salama midomoni mwao. Tusisahau pia kwamba nakala karibu zote zilikuwa za wizi. Namsifu fundi huku nikijua deki yake ilikula jasho la mafundi wengine.

Wala si Nairobi peke yake. Uganda wanawaita VJ, na wana wafuasi kama wachezaji wa mpira. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, ambaye kanda zake zilitafutwa kwa jina lake kabla ya jina la filamu. Wajapani walitutangulia wote: enzi za filamu bubu walikuwa na mabenshi, wasimulizi waliosimama kando ya pazia, na mmoja wao alikuwa Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa. Filamu za sauti zilipofika, kazi ya benshi ikaanza kufa; mwaka 1933 Heigo akajiua, na mdogo wake akaja kuwa yule tunayemjua. Kwao sauti ndiyo iliyomwondoa msimulizi. Kwetu sauti ndiyo iliyomleta, kwa sababu ilikuja kwa lugha za wengine. Hata magari ya sinema ya serikali ya kikoloni, yaliyozunguka vijijini kufundisha watu usafi na kilimo, yalibeba mtu wa kipaza sauti awaeleze wenyeji wanachokiona. Napenda kufikiri kwamba hata yule, afisa akiwa mbali, alichomeka yake mawili matatu.

Katikati ya jiji majumba ya sinema ya zamani yamebaki kuwa majina ya barabarani. Makanga wanaita Odeon na Globe bila kuwaza kwamba hapo watu waliwahi kukaa gizani. Ndiyo maana Nairobi Half Life niliitazamia ukumbi wa Ngong Road, mwaka 2012, kiti laini, bisi mkononi, na nilikuwa nimejiandaa kuipuuza. Mwongozaji wake, David Tosh Gitonga, alinikamata mapema. Filamu inaanza na Mwas, kijana wa mashambani anayeuza diski za filamu, na namna yake ya kuuza ni kuigiza: anaruka, anapiga, anakufa, anafufuka mbele ya wateja, mwili mmoja ukibeba waigizaji wote. Joseph Wairimu aliucheza uhusika huo kwa njaa ambayo haifundishwi darasani. Nilimtambua mara moja. Alikuwa dijei wetu, ila huyu amekosa hata maikrofoni.

Mwas anakuja mjini kuwa mwigizaji. Siku hiyo hiyo anaporwa, analala seli, anasafishishwa choo ambacho ukumbi mzima ulikigeuzia uso, na kutoka hapo anaingia kwenye genge la Oti, aliyechezwa na Olwenya Maina. Mchana anafanya mazoezi ya jukwaani, usiku anaiba vipuri vya magari. Wengine waliipenda kwa sababu ilionyesha Nairobi ya chini bila kuipamba. Mimi niliipenda kwa sababu ilielewa kwamba kuiga na kusimulia ni ajira, na kwamba kijana anaweza kuwa tayari kufia jukwaani kwa ajili ya watu ambao hawatauliza alifikaje pale jioni ile. Tuliotoka ukumbini tuliendelea kuisimulia hadi steji, na mmoja ambaye simjui alimfanya Oti vizuri kiasi kwamba kondakta alicheka akasahau nauli yake.

Rafiki ya Wanuri Kahiu nayo ina kisa chake. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, na mwezi Aprili 2018, kabla haijaonyeshwa huko, ikapigwa marufuku hapa nyumbani kwa sababu inahusu wasichana wawili wanaopendana. Hadi Septemba, mahakama ilipoifungua kwa siku saba, Nairobi ilikuwa imejaa watu wanaoisimulia filamu ambayo hawajaiona. Niliwasikia sokoni, kanisani, kwenye redio. Walimpa kila mhusika maneno, walimalizia mwisho. Ulikuwa usimulizi wa kibanda, ila umekosa kile ambacho dijei hakukosa kamwe: yeye alikuwa ameitazama filamu kwanza. Wiki ile ilipofika, kumbi zilijaa. Nilichokiona mimi kilikuwa filamu ya rangi za waridi na za samawati, ya kamera iliyosogea karibu na nyuso, na majirani wanaochungulia kila mahali. Haikuwa kubwa kama kelele zake. Ilikuwa nzuri.

Siku zile saba zilitolewa ili Rafiki iweze kufikiriwa kwa tuzo za Oscar, na Kenya ikapeleka Supa Modo ya Likarion Wainaina. Sina kinyongo na uamuzi huo, kwa kuwa Supa Modo imenifanya nilie mara tatu, mara mbili nikijua kinachokuja. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na anapenda mashujaa wa filamu. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wamdanganye kwamba ana nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinageuka kuwa dijei wa mtoto mmoja: kila kinachotokea, kuna mtu tayari kumweleza kwamba ni yeye aliyekifanya. Na Jo, kama watazamaji wengi wa vibandani, anajua zaidi ya wanavyodhani.

Out of Africa siipendi sana, nisijifanye. Ilipata Oscar 7, na vilima vya Ngong vimepigwa picha vizuri hivi kwamba ukipita Karen asubuhi unadhani vinamsubiri Meryl Streep. Lakini kila nikiitazama nawaangalia watumishi, Farah na Kamante, wanaosimama milangoni wakijua mengi na kupewa maneno machache. Hii ndiyo filamu ninayotamani ifike Kawangware. Dijei wetu angempunguza Robert Redford sauti, akatupeleka jikoni.

Na kuna moja ambayo ingemshinda hata yeye, nasema hivyo kwa heshima. Katika Kati Kati ya Mbithi Masya, ya 2016, mwanamke aitwaye Kaleche anajikuta nyikani amevaa gauni la hospitali, hakumbuki lolote, na waliomtangulia pale wanamwambia amekufa. Nyokabi Gethaiga anatembea na uso unaoanza kukumbuka kabla yake mwenyewe. Ukiweka neno pale, umeharibu. Nilijaribu siku moja kuisimulia kwa rafiki aliyekulia nami Congo. Nikafika kwenye onyesho la bwawani, nikanyamaza, naye akangoja. Mwishowe akasema, "Basi nipe flashi."

Orodha yangu basi ni hiyo, na nafasi ya kwanza haijawahi kubadilika. Ni Commando, ile ya Kawangware, sehemu yake ya mwisho ikiwa gizani.