Alitufia: Msalaba, Kitenzi na Mfiwa katika Kiswahili cha Ukristo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyobeba maana ya msalaba wa Kristo. Yanachunguza nomino msalaba na kitenzi sulubu katika tafsiri za Biblia, katika mabishano ya hadharani baina ya Wakristo na Waislamu, na katika matumizi ya kila siku ya vitongoji vya Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba kitenzi kimezongwa na ubishi kuhusu tukio, na nomino imezongwa na maana ya mzigo binafsi. Maana ya msalaba katika imani ya Kikristo inabebwa kwa ukamilifu zaidi na kitenzi kufia, ambacho tafsiri mbili zinazosomwa sana zinakiacha katika mafungu yanayokihitaji.

1.0 Utangulizi

Katika mazishi ya Kikristo kwenye makaburi ya Kinondoni, mara nyingi kijana wa ukoo hutangulia mbele ya jeneza akiwa ameshika msalaba wenye jina la marehemu na tarehe mbili. Nyuma yake wabeba jeneza hupokezana, na miongoni mwao wamo majirani Waislamu, kwa sababu mtaa uliokaa turubai moja hauwezi kugawanyika njiani. Kaburini, mchungaji au padri hutaja kusulubiwa kwa Kristo. Jirani Mwislamu husikiliza kwa adabu neno ambalo imani yake inalikanusha. Baada ya udongo kufukiwa na msalaba kusimikwa, jirani huyo huyo huwapa wafiwa mkono wa pole.

Maneno mawili yamepita hapo: kusulubiwa na kufiwa. La kwanza linawatenga waombolezaji kwa imani zao. La pili linawakusanya. Hoja ya makala haya ni kwamba la pili lina uhusiano na msalaba ulio wa karibu kuliko inavyodhaniwa, na kwamba uhusiano huo ni wa kisarufi kabla haujawa wa kiteolojia. Nitaanza na kitenzi sulubu, niende kwenye nomino msalaba, kisha nihitimishe kwa kitenzi kufia.

2.0 Kitenzi kinachobishaniwa

Kitenzi sulubu, ambacho tafsiri ya Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inakiandika kwa umbo la sulibi-, kimetoka katika Kiarabu sawa na nomino msalaba. Mzizi wao ni mmoja, wa konsonanti s-l-b. Kiswahili kiliipokea nomino na kuiweka katika ngeli ya U-I, pamoja na mti, mwiba na msumari. Si jambo dogo, kwani hata Waraka kwa Wagalatia 3:13 unauita msalaba mti. Mkopo huo ukaingia nyumbani na kukaa kama mwenyeji.

Hata hivyo, mkopo huo una historia yake. Wamisionari walipotafuta neno la tukio lililo kitovu cha imani yao, walilipata katika lugha ya Kitabu kinachokanusha tukio hilo. Sura ya 4, aya ya 157, ya Kurani inasema kwamba Isa hakuuawa wala hakusulubiwa. Wafasiri wa Kurani kwa Kiswahili, kama vile Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, wanakanusha kwa kitenzi kile kile ambacho Mkristo anakiri kwacho. Wabishani wa mihadhara ya Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990 hawakuwa na tatizo la istilahi. Walikubaliana neno, wakatofautiana juu ya kiambishi cha ukanushi.

Karl Roehl, mmisionari Mjerumani ambaye Biblia yake kamili ilitoka mwaka 1937, alijaribu kuepuka Kiarabu kwa kadiri alivyoweza. Mahali pa sulubu aliweka kuwamba msalabani. Uamuzi huo unastahili heshima kuliko uliyoipata. Kuwamba ni kazi ya fundi wa ngoma na wa kitanda: kuvuta ngozi au kamba mpaka ikaze juu ya kiunzi. Msomaji anauona mwili ukivutwa. Lakini kitenzi hicho kina kasoro mbili. Kwanza, ngozi inayowambwa imekwisha kufa, ilhali aliyetundikwa yu hai, na uhai wake ndio uchungu wenyewe. Pili, kuwamba hakutoshi bila kielezi msalabani, na kielezi hicho kinarudisha mlangoni Kiarabu kilichotolewa dirishani. Tafsiri ya 1952, iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri za Unguja, Mombasa na ya Roehl, ilirejea kitenzi cha Kiarabu.

Tatizo la kisemantiki linalojitokeza katika mabishano ni la ukomo wa tendo. Je, sulubu inamaanisha kutundika tu, au kutundika mpaka kufa? Waislamu wa Ahmadiyya, ambao Sheikh wao Mubarak Ahmad Ahmadi alitoa tafsiri ya Kurani ya Kiswahili mwaka 1953, wanashikilia kwamba Isa alitundikwa lakini hakufa juu yake. Kwao kitenzi hicho kina mauti ndani yake, na kwa kuwa mauti hayakutokea, kukanusha kunasimama. Waislamu walio wengi wanakanusha hata kutundikwa.

Matini za Kikristo zenyewe zinajibu swali hilo kwa namna ambayo wahubiri wa pande zote hawaizingatii. Kanuni ya Imani inaorodhesha vitenzi vitatu kwa mfuatano: kusulubiwa, kufa na kuzikwa. Lau kitenzi cha kwanza kingekuwa na mauti ndani yake, cha pili kingekuwa ziada. Injili ya Yohana 19:31-33 inaeleza kuvunjwa miguu kwa watu wawili waliosulubiwa ambao walikuwa hawajafa. Kwa mujibu wa matini hizo, basi, kusulubu ni kutundika, na kufa ni tukio jingine.

Tukikubali hivyo, tunagundua upungufu mkubwa zaidi. Kitenzi sulubu kina washiriki wawili: askari anayetenda na Yesu anayetendwa. Sisi hatumo. Hakuna mzungumzaji anayeweza kusema *alitusulubiwa. Ili muumini aingie katika sentensi inabidi kubandika kirai nje ya kitenzi: alisulubiwa kwa ajili yetu. Kwa hiyo kitenzi kinachobishaniwa zaidi kinajibu swali la nini kilitokea. Swali la imani, kwamba kilitokea kwa ajili ya nani, kinaliacha mlangoni.

3.0 Nomino inayobebwa

Nomino msalaba imepata maisha mapana mitaani. Katika mazungumzo ya Tandika, Mbagala au Mwananyamala, msalaba ni shida ya mtu: mume mlevi, maradhi yasiyopona, mkopo wa kikundi uliokwama. Mimbari nyingi zimeithibitisha maana hii. Mwanamke anayelalamika huambiwa kwamba huo ndio msalaba wake na autunze. Ushauri huu unadai kutegemea Injili ya Mathayo 16:24, na hapo ndipo mhakiki wa lugha ana neno la kusema.

Kitenzi cha tafsiri ya 1952 katika fungu hilo ni kujitwika. Kila aliyelelewa uswahilini anajua tofauti ya kutwika, kutwikwa na kujitwika. Ndoo iliyojaa au tenga la matunda kwa kawaida hutwikwa: mmoja anainua, mwingine anapokea kichwani. Anayejitwika ameinama peke yake, ameunyanyua mzigo kwa mikono yake na kuuweka mwenyewe. Kirejeshi -ji- kinaleta hiari. Maradhi hayana hiari ndani yake, wala kipigo cha mume. Mwenye mikasa hiyo ametwishwa. Kwa hiyo mahubiri yanayoita kila dhiki msalaba yanapingwa na kitenzi cha fungu lenyewe, na gharama ya kosa hilo hulipwa na watu wanaofundishwa kuvumilia waliyopaswa kuyakimbia. Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990, kwa kutumia kuchukua, imelainisha usomaji na kupoteza kinga hiyo.

Baadhi ya makanisa mapya ya vitongojini yamekwenda upande wa pili. Huko msalaba ni mahali ambapo mzigo ulibebwa na mwingine ili muumini asiubebe tena: umaskini, ugonjwa na mikosi vimekwisha lipiwa. Mahubiri hayo yanakumbuka ubadala na kusahau kujitwika. Yale ya kwanza yanakumbuka mzigo na kusahau hiari. Yote mawili yanaitazama nomino kama kitu chenye uzito na kuuliza tu kiko kichwani pa nani.

Cha kushangaza, wanaoihifadhi maana ya ubadala kwa usahihi mkubwa ni waandishi wa michezo. Timu ikifungwa, gazeti huandika kwamba kocha amebebeshwa msalaba. Maana yake ni kwamba kosa lilikuwa la wengi na adhabu imemwangukia mmoja. Msomaji wa Simba na Yanga anaelewa papo hapo, awe Mkristo au Mwislamu. Lakini hapa pia kuna pengo: kocha amebebeshwa, hakujitwika. Lugha ya michezo ina ubadala bila hiari. Lugha ya Injili inadai vyote viwili kwa pamoja.

4.0 Kitenzi kinachotuingiza

Kiswahili kina umbo linalokusanya yaliyotawanyika. Umbo hilo ni kufa katika kauli ya kutendea: kufia. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wamekwisha kuonesha kwamba kauli hii huongeza mshiriki katika kitenzi, na kwamba mshiriki huyo anaweza kuwa mnufaika, mwathirika, mahali au sababu. Kufia kunazo dhima zote nne. Alifia Muhimbili inataja mahali. Alifia nini inauliza sababu. Askari alifia nchi yake inataja mnufaika. Mtoto amemfia mama yake inataja mwathirika, yaani mtu aliyebaki na pengo.

Mgawanyiko wa dhima mbili za mwisho unaonekana pia katika uundaji wa nomino. Upande wa utendaji tumepata mfiadini, neno ambalo Kanisa hulitumia kwa Mashahidi wa Uganda. Upande wa kutendwa tumepata mfiwa, neno la kila msiba. Mfiadini amechagua. Mfiwa hakuulizwa. Ni nini kinachoamua tusome mojawapo? Kwa maoni yangu ni sifa mbili: nia ya anayekufa na hali ya yambwa. Pasipo nia, kama kwa mtoto mchanga, maana ya mnufaika haipatikani. Yambwa ikiwa si mtu, kama nchi au dini, maana ya kufiwa inafifia, kwani nchi haiketi mkekani.

Sasa tuitazame sentensi ambayo Wakristo wengi huitamka katika sala bila kuipima: Yesu alitufia msalabani. Anayekufa ana nia, kwa mujibu wa imani yenyewe. Yambwa ni watu. Masharti ya usomaji wote wawili yametimia kwa wakati mmoja, na sarufi haitulazimishi kuchagua. Alikufa kwa faida yetu, na ametuacha tukiwa wafiwa. Kielezi msalabani kinaongeza mahali. Mwenye kuuliza sababu naye hafukuzwi, maana kufia hubeba hata hiyo. Teolojia ambayo mahali pengine inahitaji sentensi nne, hapa imo katika neno moja na kielezi chake.

Kwa nini basi tafsiri zinakikwepa kitenzi hiki? Katika Warumi 5:8, tafsiri ya 1952 na Biblia Habari Njema zote zinatumia kufa kwa ajili ya. Nadhani nia ilikuwa kuondoa utata: msomaji asidhani kwamba Kristo alitufia kama mgonjwa anavyowafia ndugu zake. Lakini kwa ajili ya nayo ina utata, kwa kuwa inamaanisha kwa faida ya na pia kwa sababu ya. Utata haukuondolewa. Ulibadilishwa, na katika mabadilishano hayo msomaji alihamishwa kutoka ndani ya kitenzi hadi pembeni mwa sentensi. Aliyekuwa mfiwa amekuwa mnufaika tu, mtu anayepokea mirathi bila kukaa matanga.

Pingamizi moja linastahili jibu. Itasemwa kwamba Mkristo hawezi kuwa mfiwa wa aliyefufuka. Ni kweli kwamba imani haiishii Ijumaa Kuu. Lakini haianzi Jumapili ya Pasaka pia, na lugha yetu inajua kwamba matanga huanuliwa. Hayaruki kutoka habari ya kifo hadi furaha. Mahubiri yasiyo na kufiwa ndani yake ndiyo yanayozaa msalaba usiouma, ule niliousema hapo juu.

Pingamizi la pili ni la majirani. Je, hoja hii inapunguza tofauti ya Mkristo na Mwislamu? Haipunguzi. Mwislamu hatasema alitufia, na hapaswi kushurutishwa kwa hila ya sarufi. Inachobadilisha ni swali linaloulizwa. Katika kiwanja cha mhadhara, swali ni kama tukio lilitokea, na kila upande unarudi nyumbani na jibu uliloondoka nalo. Kaburini, anaposikia kwamba jirani yake Mkristo anajihesabu mfiwa wa Kristo, Mwislamu anaweza kuuelewa msimamo huo bila kuukubali, kwa sababu kufiwa anakujua.

5.0 Hitimisho

Nimedai kwamba kitenzi sulubu kinasimulia tukio na kutuacha nje, kwamba nomino msalaba imegeuzwa mzigo wa kutwishwa kinyume cha kitenzi kujitwika, na kwamba kufia kunarudisha hiari, ubadala na majonzi mahali pamoja. Kutokana na hayo, napendekeza mambo mawili. Wanaorekebisha tafsiri za Biblia walipime upya umbo la kutendea katika mafungu yanayohusu kifo cha Kristo, wasilikimbie kwa kuogopa utata ambao ndio utajiri wake. Na wanaofundisha kauli za vitenzi vyuoni waache kutosheka na mifano ya kupika na kuandika. Mwanafunzi anayetoka Mbagala ameisikia kauli ya kutendea katika kila msiba wa mtaa wake. Anastahili kuambiwa kwamba sarufi anayofundishwa ndiyo ile aliyotolea pole.