Banda Kwanza, Kuku Baadaye

Katika vijiji vya Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hukosi kuona banda la kuku lililotelekezwa. Lipo nyuma ya jiko, nguzo zake zimelala upande, bati limeshika kutu, mlango unaning'inia kwenye bawaba ya kipande cha tairi. Ukiuliza kulikoni, unajibiwa kwa maneno mawili: kuku waliisha. Ama ugonjwa wa mdondo uliwapitia, ama kicheche aliingia usiku mmoja akawamaliza, na wenye mji wakakata tamaa. Siku mtaji ukipatikana tena, wengi hubomoa na kujenga upya. Mimi nawasifu wale wanaolifufua banda la zamani, kwa sababu kazi yao inadai jambo ambalo ujenzi mpya haulidai: kujua kwanza ni nini kiliwaua kuku waliotangulia.

Kila mahali huliharibu banda kwa namna yake. Kwenye nyanda za juu za Tarime, penye migomba na mikalitusi, adui mkubwa ni unyevu. Maji yakipenya paani matandazo yanaoza, harufu ya kinyesi inachoma macho, na vifaranga wanaanza kuhara damu. Vuka Mto Mara uende Mugumu, kisha uteremke mpaka Robanda, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti: huko ardhi ni kavu zaidi, jua ni kali, mchwa wanatafuna nguzo kutoka chini, na wanyama wa porini hawako mbali. Nyegere ana nguvu ya kung'oa ubao, na nguchiro hupenya tundu ambalo mwenye nyumba hakulidhania kitu. Fundi wa Tarime huanzia paani. Wa Robanda huanzia miguuni mwa banda.

Lakini wote wawili, kabla ya kushika nyundo, hukagua. Fundi mzuri huingia bandani saa sita mchana, akafunga mlango na kusimama gizani. Kila palipo na mwanga pana njia, naye hupatia alama ya mkaa. Kisha huchukua kisu na kuchokonoa nyufa za fito walizokuwa wakilalia kuku. Hapo ndipo papasi hutoka: wa kahawia, bapa kama mbegu ya tikiti, wamebanana ufani, hawana haraka. Mchana hujificha, usiku hunyonya damu. Papasi aliyekomaa huweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Kwa hiyo banda lililokaa msimu mzima bila kuku si tupu hata kidogo. Mwenye kuleta kuku wapya bila kuchokonoa nyufa amewapelekea papasi chakula.

Ndiyo maana fito za zamani huchomwa moto, hazioshwi. Kinyesi na matandazo ya zamani hukwanguliwa mpaka udongo mgumu uonekane, yakapelekwa shambani, mbali na kuku. Maji yanayochemka humwagwa kwenye kila kona, kisha mlango na madirisha huachwa wazi siku kadhaa ili jua na upepo vifanye kazi yao.

Baada ya hapo huja kazi ninayoipenda kuliko zote, kusiriba. Udongo wa kichuguu hukandwa kwa miguu pamoja na samadi ya ng'ombe na maji, ukaachwa ulale. Kesho yake fundi haanzi kwa kiganja. Huanza kwa dole gumba, akiusukuma udongo ndani ya ufa mpaka ukatae kuingia. Ndipo kiganja hufuata na kulainisha. Ukuta ukikauka na kutoa nyufa ndogo, hupigwa mkono wa pili, mwepesi zaidi. Anayekimbilia kulainisha huziba uso wa ufa tu na kumwachia papasi chumba chake. Mgeni anayepita nje hawezi kuona tofauti hiyo, lakini kuku wataiona.

Nguzo hupakwa oili chafu kuzuia mchwa, zikavishwa bati lililokunjwa umbo la faneli ili panya na nyoka wasipande. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lisiwapige kuku moja kwa moja, na sehemu ya juu iwekwe wavu, hewa ipite. Mita 1 ya mraba inatosha kuku 5 hadi 8, si zaidi. Fito mpya za kulalia ziwe juu kuliko viota, maana kuku hutafuta mahali pa juu kabisa pa kulala. Ukivipandisha viota, watalala humo na kuyachafua mayai.

Hata hivyo, ukuta hauuzuii mdondo. Kuna chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania: tone 1 jichoni, kurudiwa kila baada ya miezi 3. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, kwa hiyo inavifaa vijiji visivyo na jokofu. Kuku wapya wachanjwe kabla ya kuingizwa bandani, na kwa siku za mwanzo wafungiwe humo wakila na kunywa. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Banda zuri linaiondoa haja ya kamba. Wakishapazoea, wafunguliwe alasiri, nao giza likiingia watarudi wenyewe.

Yote haya yana uzito kwa sababu ya wale ambao kuku ni mali yao. Kwenye miji mingi ya Mara, ng'ombe ana wazee wa kumwamulia. Kuku ni mfuko wa mama na watoto: daftari, chumvi, nauli ya kwenda zahanati. Kuku wakiisha, ni mfuko huo uliotoboka.

Basi, ndugu msomaji mwenye banda bovu nyuma ya jiko, usiende sokoni kununua tetea bado. Ingia bandani kwanza, funga mlango, tafuta mwanga, chokonoa nyufa. Uliza kilichowaua wale wa kwanza, na usilete wapya mpaka uwe umepata jibu na kuziba njia kilimopitia.