Kisu, Kinga na Saratani: Tusiuze Nusu ya Habari



Usemi wa kwetu kwamba "saratani ikiguswa na kisu inasambaa" siku hizi umevishwa koti la kisayansi: eti upasuaji unaangusha kinga ya mwili, kwa hiyo bora mtu asipasuliwe. Naomba niukosoe, maana una nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inaua.

Kweli, upasuaji mkubwa humwaga adrenalini na prostaglandini, na kwa siku kadhaa seli za kinga ziitwazo wauaji asilia hulegea. Chembe za saratani zilizobaki mwilini hupata mwanya. Lakini mwanya unazibwa, haukimbiwi! Uvimbe usiokatwa nao unamwaga chembe, tena kila siku.

Wanaoshangilia dawa za kuziba mwanya huo nao wapunguze kasi. Ilidhaniwa ganzi ya sehemu ingelinda kinga kuliko nusukaputi ya gesi. Jaribio lililochapishwa na Lancet mwaka 2019, wanawake 2,108 wenye saratani ya titi, likaonyesha ugonjwa ulirudi kwa asilimia 10 pande zote mbili. Kule Israeli walitoa propranololi na etodolaki kuanzia siku tano kabla ya kisu. Vipimo vya mwaka 2017 vilipendeza, ila wagonjwa walikuwa 38 tu. Na mtu asijinunulie: propranololi ni hatari kwa mwenye pumu.

Kilichonigusa ni Mumbai. Hospitali ya Tata Memorial iliwachoma wanawake lidokeini kuzunguka uvimbe, dakika chache kabla ya kukata. Matokeo ya 2023, wanawake karibu 1,600: baada ya miaka mitano walio hai ni asilimia 90.1, na wasiochomwa 86.4. Huenda si kwa njia ya kinga, na jaribio ni moja. Lakini jamani, lidokeini si ndiyo ganzi ya kung'olea jino? Hilo ndilo la kurudiwa hospitali zetu, kwa utafiti wa haki.

Shemeji yangu kule Tanga alikiogopa kisu miezi minane. Alipokubali, uvimbe ulishafika kwapani. Hakuangushwa na upasuaji, aliangushwa na maneno yetu. Basi anayewaandikia watu habari za kinga, amalizie sentensi: nenda ukapasuliwe, mapema.