Kitabu Nilichomnyang'anya Mwanafunzi

Ninacho kabatini kitabu kimoja ambacho sikukinunua, sikukiazima, wala sikupewa na mtu. Ni Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1974. Nilimnyang'anya kijana wa darasa la saba huko Ivuna, enzi zile Ivuna ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, kabla Mkoa wa Songwe haujaundwa mwaka 2016.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha ufahamu. Habari yenyewe ilihusu msafiri katika kiwanja cha ndege: mizigo kupimwa, abiria kupanga foleni. Kijana akapata maswali mawili kati ya kumi. Nilipomsogelea nikaona kumbe ndani ya kitabu cha shule ameficha kingine, kisicho na jalada, kurasa zimelegea. Nikakichukua mbele ya wenzake.

Jioni nikamwita ili nimkaripie vizuri. Kwa kejeli nikamwambia, "Haya, nieleze ulichokuwa unasoma." Msomaji, yule kijana alinieleza! Alijua mpelelezi Willy Gamba anamshuku nani na kwa nini. Alijua ni neno gani lililomfanya yeye mwenyewe abadili mawazo juu ya mhusika fulani. Akabashiri hata mambo ya mbele asiyoyafikia. Kisha akasema, "Mwalimu, basi niambie tu kama anapona." Nikamjibu akasome vitabu vya maana.

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi. Kuelewa sababu, kutabiri, kusoma kilichofichika kati ya maneno: je, ufahamu ni nini kingine? Mtoto niliyemhesabu mjinga saa nane mchana alikuwa msomaji hodari saa kumi na moja jioni. Tofauti ilikuwa kwamba kimoja nilimchagulia mimi, na kingine alikichagua mwenyewe.

Lakini tusikimbilie kusema, basi kila mtoto ajisomee apendacho, mambo yamekwisha. La hasha. Musiba anajua kukimbiza hadithi, ila watu wake wengi ama ni wema ama ni waovu, na risasi inapolia msomaji hapewi nafasi ya kuuliza swali. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, kitabu kinachomlazimisha msomaji kuuliza: nani amemharibu binti huyu, yeye mwenyewe, baba yake, au sisi sote? Kitabu hicho kikapigwa marufuku mashuleni. Miaka ikapita, kikaja kufundishwa katika shule zilezile. Kama watu wazima waliopewa kazi ya kuchagua waliweza kugeuka namna hiyo, basi sisi walimu tuchague kwa unyenyekevu. Kazi yetu ni kumtoa mtoto kwa Musiba kumpeleka kwa Kezilahabi, na daraja halijengwi kwa kubomoa ukingo mmoja.

Tena, anayechagua huchagua penye vitu. Rafu yetu ilikuwa na vitabu vya kiada tu, tena vya kugawana. Nami sikuwahi kufikiri kwamba Ivuna yenyewe ingeweza kuwa habari ya ufahamu. Watoto wale walijua chumvi inavyochemshwa kutokana na maji ya chemchemi, kazi iliyofanyika pale kwa karne nyingi. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo chenye uzito wa takriban gramu 700 kilianguka palepale, na leo kundi zima la vimondo vya aina yake hutambulishwa kwa herufi ya kwanza ya jina Ivuna. Wataalamu wa dunia wameandika kurasa nyingi juu ya jiwe hilo, karibu zote kwa Kiingereza. Mtoto wa Ivuna akasomeshwa kiwanja cha ndege asichowahi kukiona, akaambiwa hajui kusoma.

Kijana yule alimaliza darasa la saba mwaka uleule, hakuchaguliwa kuendelea, nami sikumrudishia kitabu. Nimekisoma mara mbili tangu hapo, tena kwa raha. Ninajua kama Willy Gamba anapona. Yeye sijui kama alikuja kupata nakala nyingine, au kama baada ya siku ile aliona haja ya kuitafuta.