Neno Lisilo na Mwenyewe: Hofu ya Mahusiano katika Tamthilia za Ebrahim Hussein

Tamthilia za Ebrahim Hussein, mwandishi aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943, zimezoeleka kusomwa kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza lina Kinjeketile (1969), inayochukuliwa kuwa tamthilia ya historia na siasa. Fungu la pili lina Wakati Ukuta, Mashetani (1971) na Kwenye Ukingo wa Thim (1988), zinazochukuliwa kuwa tamthilia za nyumbani, zenye kuhusu ndoa, urafiki na maziko. Mgawanyo huu unarahisisha ufundishaji, lakini unaficha jambo la msingi. Hofu inayowatenganisha wapenzi na marafiki katika tamthilia za mjini ni ileile inayomtesa Kinjeketile katika nchi iliyo nyuma ya pwani ya Kilwa: mtu amejenga maisha yake juu ya neno ambalo si lake.

Ni vema kuanza na Kinjeketile, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika kuwa nayo ni tamthilia ya nyumbani. Vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Wamatumbi mwezi Julai 1905, lakini Hussein haanzi na vita. Anaanza na wanawake wanaozungumzia uhaba wa chakula, huku waume zao wakitumikishwa katika shamba la Mjerumani. Ukoloni unaingia jukwaani kwa mlango wa jikoni. Kitunda ni mume na baba asiyeweza kuilinda nyumba yake, na aibu hiyo ndiyo inayolipa neno la Kinjeketile nguvu. Watu wanalipokea neno la maji kwa sababu linawarudishia heshima waliyoipoteza mbele ya wake na watoto wao.

Lakini neno hilo lina kasoro. Hongo, pepo aliyempagaa Kinjeketile, ametangaza pia kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Kwa msomaji wa pwani ya Kilwa, kauli hii si ya kupita hivi hivi. Ni katika enzi ya Seyyid Said, katikati ya karne ya 19, ambapo usultani wa Kilwa ulikomeshwa na mji ukawekwa chini ya Zanzibar. Kinjeketile anagundua kwamba uhuru aliouhubiri umebeba utumwa mwingine ndani yake. Hawezi kulifuta neno, kwa kuwa limekwisha kuwa la watu wote, wala hawezi kuliamini, kwa kuwa anajua halikutoka kwake. Upweke wake unaanzia hapo.

Upweke huo unajitokeza tena katika Wakati Ukuta. Tatu anataka kwenda sinema na Swai, na mama yake anakataa. Wahakiki wengi huishia kwenye mgongano wa vizazi. Usomaji huo si wa makosa, ila hauelezi kwa nini ndoa ya Tatu na Swai inavunjika baada ya wazazi kuwekwa kando. Kama tatizo lingekuwa wazee peke yao, vijana wangepona mara walipojitenga nao. Wanashindwa kwa sababu wazo la maisha ya kisasa lililowakutanisha wamelipokea likiwa limetengenezwa tayari, nalo haliwafundishi namna ya kuishi pamoja siku fedha inapopungua. Mama naye anatetea desturi ambayo hawezi tena kumweleza bintiye maana yake. Pande zote mbili zinazungumza kwa maneno ya kuazima.

Mashetani inaifikisha hali hii kwenye kilele chake. Kitaru na Juma ni wanafunzi na marafiki. Familia ya Juma ilipoteza mali yake kutokana na Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, ilhali familia ya Kitaru inainuka katika tabaka jipya la baada ya uhuru. Marafiki hawa hawawezi kuyasema hayo waziwazi. Wanayaigiza chini ya mbuyu, mmoja akiwa Shetani na mwingine Binadamu. Kitaru anaugua, na tiba haigusi chanzo cha maradhi, kwa kuwa chanzo ni mazungumzo yasiyofanyika. Kusoma tamthilia hii kama mafumbo ya utabaka pekee ni kuusahau urafiki, na bila urafiki huo utabaka usingemuumiza mtu yeyote jukwaani.

Katika Kwenye Ukingo wa Thim, iliyochota kisa chake katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno nchini Kenya mwaka 1987, swali linahamia kwenye maiti. Martha aliishi na Herbert, lakini baada ya kifo ukoo ndio unaodai haki ya kusema Herbert alikuwa nani. Hapa pia unaonekana udhaifu wa mtunzi. Kuanzia Bibi Kitunda hadi Martha, wanawake wa Hussein huiona hatari mapema na huilipia gharama kubwa, lakini ni nadra kupewa tafakuri ndefu ya ndani kama anayopewa Kinjeketile. Tatu hasa amefungwa na jina la tamthilia yake: methali inamhukumu kabla hajafungua kinywa.

Udhaifu huo haupunguzi uzito wa hoja. Hussein haombi mtazamaji achague kati ya jadi na usasa. Anaonesha kwamba vyote viwili vinaweza kupokelewa kama amri, na kwamba wapendanao wasipotunga lugha yao wenyewe, watazungumza kwa sauti ya mzazi, ya ukoo, ya tabaka au ya pepo. Mwalimu anayefundisha Kinjeketile Kilwa au Lindi ana sababu ya kuanza pale mtunzi alipoanza, kwenye njaa na aibu ya nyumba moja, kabla ya kufika kwenye tarehe za vita.