Anayezipa Picha Majina

Mpiga picha husifiwa siku ile ile ya sherehe. Watu humzunguka ukumbini, huchungulia kioo cha kamera yake, humwomba namba ya simu. Anayeipokea kazi baada yake hasifiwi na mtu. Yeye hukabidhiwa kadi za kumbukumbu za wapiga picha watatu au wanne, pamoja na rundo la picha kutoka kwenye simu za mashangazi na wajomba, akaketi nazo hadi ziwe kitu kimoja chenye mpangilio na majina. Huo ni ufundi kamili, na mimi nausifu kwa moyo wangu wote.

Chukua harusi ya pwani, iwe Tanga, Mombasa au Dar es Salaam. Msikitini ndoa inapofungwa, yuko kijana na kamera yake. Kwa wanawake yuko mwanamke mwenye kamera, maana humo mabuibui yamevuliwa na mwanamume haingii. Jioni ukumbini yuko wa tatu na msaidizi wake. Kila mmoja ameona sehemu yake tu. Wa kwanza kuiona harusi nzima ni mpangaji wa picha.

Kizingiti chake cha kwanza ni majina ya faili. Kamera nyingi hufuata kanuni iliyotolewa Japani mwaka 1998: herufi nne, kisha tarakimu nne. Hesabu ikifika 9999 hurudi 0001. Kwa hiyo kamera mbili zaweza kuzaa DSC_0412 mbili, moja ya shehe akisoma hotuba ya ndoa na nyingine ya sinia za pilau. Ukizimwaga katika folda moja bila hadhari, moja humfuta mwenzake. Fundi hutenga kwanza folda ya kila mpiga picha, akaweka nakala ya akiba kwenye diski nyingine, ndipo akaipa kila picha jina jipya: tarehe, saa, na herufi za jina la aliyeipiga. Mwaka hutangulia mwezi, na mwezi hutangulia siku, kwa sababu kompyuta hupanga kuanzia kushoto. Ukitanguliza siku, tarehe mosi za miezi yote zitarundikana pamoja.

Kizingiti cha pili ni saa. Ndani ya kila picha kamera huandika muda wa kupigwa kwake, kwa utaratibu uitwao EXIF uliotoka mwaka 1995. Lakini kamera haijui saa yoyote ila ile iliyowekewa. Moja imetangulia dakika kumi, nyingine bado inafuata saa ya nchi ilikonunuliwa. Zikichanganywa hivyo, keki hukatwa kabla maharusi hawajaingia ukumbini. Fundi mzoefu huwaomba wapiga picha wote, asubuhi kabla ya kutawanyika, wapige picha ya saa moja ile ile yenye kuonesha sekunde. Baadaye hupima tofauti na kuzisogeza picha za kamera nzima kwa mkupuo mmoja. Kama hilo halikufanyika, hutafuta tukio lililonaswa na kamera zaidi ya moja, pengine pete inapopenya kidoleni, na kutoka hapo hujenga upya mfuatano wa siku nzima. Kazi hiyo inataka jicho la subira, na haina njia ya mkato.

Kisha huchagua, kama mtu apepetaye mchele, ila yeye ana sheria moja ya utu: picha yenye ukungu haitupwi ikiwa ndiyo pekee yenye sura ya mtu fulani. Bibi aliyekaa pembeni na kunaswa mara moja tu, tena vibaya, hubaki.

Halafu linakuja lililo kubwa kuliko yote. Kamera huandika lenzi, mwanga na muda, lakini haijui yule ni nani. Baraza la habari la IPTC, lililoundwa London mwaka 1965, ndilo lililoweka utaratibu wa kuandika ndani ya faili lenyewe majina ya watu, mahali, tukio, mpiga picha na hakimiliki, ili maelezo yasafiri pamoja na picha. Lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na maelezo hayo hupotea. Ndiyo maana fundi huomba atumiwe picha kama dokumenti.

Majina yenyewe hayapatikani kwenye kompyuta. Hupatikana kwa kuketi na wazee na kuuliza, "Huyu nani?" Mtu mmoja ni Mama Zuhura kwa majirani, ni shangazi kwa watoto, na kwenye cheti ana jina la tatu. Fundi huyaandika yote, kwani hajui mjukuu atakuja kumtafuta kwa lipi. Huandika kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Asiyejulikana huandikwa kuwa hajatambuliwa. Fundi hakisii, kwa sababu nafasi tupu humwita mtu aulize, lakini jina la uongo hufunga mlango.

Marekani wanayo picha inayofundisha jambo hili. Mwanzoni mwa 1936 mpiga picha Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na watoto wake katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Picha hiyo ilienea dunia nzima, lakini Lange hakumuuliza jina. Umma ulikuja kujua mwaka 1978 kwamba aliitwa Florence Owens Thompson. Kwa zaidi ya miaka 40 uso wake ulikuwa wa kila mtu, na jina lake halikujulikana.

Picha hiyo ilikuwa ya mradi wa serikali ulioongozwa na Roy Stryker, uliokusanya kazi za wapiga picha wengi, takriban negativu 175,000. Mwaka 1942 aliajiriwa Paul Vanderbilt kuzipanga, na ninamhesabu miongoni mwa mabingwa wa ufundi huu. Alihifadhi kwanza kwenye maikrofilamu kila kazi ya mpiga picha kwa mfuatano wake, ndipo akazigawa picha kwa eneo na mada. Mtafutaji alipata njia, na simulizi ya mpiga picha haikukatwa vipande. Mpangaji wa leo hulifanya hilo kwa lebo, bila hata kuhamisha faili.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na asiyekuwepo katika picha daima ni aliyeipiga. Mpangaji humrudishia haki yake kwa kuandika jina lake kwenye kila faili. Pia hulinda wanaoonekana. Picha za wanawake wasio na buibui ni amana: hukaa kwenye folda yake, na lebo yake husema nani anaruhusiwa kuziona. Kosa moja la kuchanganya laweza kuvunja heshima ya nyumba nzima, na kwa hiyo uaminifu ni sehemu ya ufundi wenyewe, sawa na kujua saa na majina.

Kamati za harusi hutenga fedha za ukumbi, mapambo, MC na mpiga picha. Zitenge na za mtu huyu. Diski ikitunzwa na kunakiliwa inaweza kungoja miaka mingi, lakini wanaozijua sura hizo wanazeeka, na wakiondoka hakuna programu itakayotaja jina ambalo halikuandikwa popote. Mwiteni wiki ile ile ya harusi, mketisheni na bibi, na mumlipe vizuri.